Giza Halitengenezwi kwa Kuzima Taa: Mwanga na Kamera katika Filamu za Kutisha za Kigothiki

Chukua shoti moja ambayo kila mpenzi wa filamu za Kigothiki, zile za kutisha za majumba ya kale, mizimu na wanyonyadamu, ameiona mara mia. Mwanamke aliyevaa gauni la kulalia anapita kwenye korido ndefu ya jumba la kale, mshumaa mkononi, na mwisho wa korido kuna mlango ulioachwa wazi kidogo. Mpe kazi hiyo anayeanza. Jambo la kwanza atakalofanya ni kuzima taa. Atazima hii, atapunguza ile, atabana tundu la lenzi, kisha atatazama kioo cha kamera na kukuta ukijivujivu uliojaa chenga. Sura ya mwigizaji haisomeki, ukuta haupo, mlango haupo, na hofu yenyewe haipo. Kilichobaki ni picha iliyokosa mwanga, basi.

Jicho hulijua giza kwa kulilinganisha na kitu. Ukipunguza kila taa kwa kiasi kilekile, picha yote hushuka pamoja, na inafanana na nguo nyeusi iliyofuliwa mpaka ikapauka. Ukitaka korido ile iwe na giza la kutia kidole jichoni, lazima mahali fulani ndani ya fremu pawe na kitu kinachong'aa kwelikweli: ulimi wa mshumaa, ukingo wa dirisha, kitasa cha shaba, jicho. Hiyo ndiyo nanga. Bila nanga, macho ya mtazamaji huzoea ule ufifi baada ya sekunde kadhaa, kama yanavyozoea chumba baada ya umeme kukatika, na ulichokiita giza kinageuka kuwa jioni ya kawaida.

Kwenye grafu ya mwanga ya kamera, ile inayokwenda kutoka 0 (weusi mtupu) hadi 100 (weupe mtupu), shoti ya mshumaa iliyopigwa vizuri husomeka hivi: ulimi wa moto 90 na kitu, shavu linaloelekea mshumaa 40 hadi 45, shavu la upande wa pili 10 hadi 15, pembe za korido 3 hadi 5. Pembe zisiguse 0. Weusi ulionaswa kwenye 4 unaweza kuushusha baadaye wakati wa kurekebisha rangi. Uliozama kwenye 0 hauinuki tena, na ukijaribu kuuinua utainua chenga.

Mafundi wa taa huhesabu kwa stopu: kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu. Vichekesho na tamthilia za nyumbani hupigwa kwa tofauti ya stopu 1 kati ya upande wenye mwanga na upande wa kivuli wa uso, yaani 2 kwa 1. Gothiki huanza kunoga kwenye stopu 3 (8 kwa 1) na hufika 4 (16 kwa 1). Ukizidi hapo, upande wa kivuli unakuwa shimo. Shimo nalo lina kazi yake, ila ulitumie ukijua unalitumia.

Halafu kuna suala la nguo nyeusi mbele ya ukuta mweusi, kosa linaloua shoti nyingi kuliko yote. Mhudumu wa jumba amevaa joho, amesimama mbele ya mbao nyeusi, na kinachoonekana ni kichwa kinachoelea. Ukimwongezea yeye mwanga, joho linakuwa la kijivu na uzito wake unaondoka. Acha joho likae jeusi, upashe mwanga ukuta ulio nyuma yake: duara hafifu, stopu 2 chini ya uso, bila kitu chochote kwenye joho lenyewe. Kwa upande wenye mwanga wa uso, fanya kinyume na uuache ukuta wa nyuma gizani. Weusi juu ya mwanga, mwanga juu ya weusi, zikipokezana ndani ya fremu moja. Wachoraji wa zamani wa Ulaya waliijua kanuni hii karne nyingi kabla ya kamera.

Kuta za mawe na sakafu zipulizie maji. Jiwe kavu lililo gizani halirudishi chochote, lakini likilowa kila tone hushika alama ndogo ya taa ya nyuma, na ukuta unasomeka bila kuumwagia mwanga. Tatizo lake ni muda. Chini ya taa zenye joto maji hukauka kwa dakika chache, kwa hiyo kuna mtu ambaye kazi yake ni chupa ya kupulizia na kulowesha tena kabla ya kila rudio. Asipokuwepo, ukuta utang'aa katika shoti moja na kuwa mkavu katika inayofuata.

Mshumaa una hesabu yake

Mshumaa mmoja wa kawaida una nguvu ya karibu kandela 1. Maana yake, kitu kilicho umbali wa mita 1 hupata luksi 1, na luksi ni kipimo cha mwanga unaokifikia kitu. Kamera iliyowekwa ISO 800 (usikivu wake kwa mwanga), fremu 24 kwa sekunde, shata ya sekunde 1/48 na lenzi f/2 (namba ya tundu: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) inahitaji kama luksi 60 ili kijivu cha kati kitoke kijivu cha kati, yaani picha isipauke wala isififie. Kwa f/1.4 inahitaji luksi 30. Sasa kumbuka kwamba mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki na robo.

Mshumaa ukiwa sentimita 30 kutoka usoni unatoa kama luksi 11. Kwa f/1.4 hiyo ni stopu moja na nusu chini ya kiwango, na kwa uso wa Kigothiki hapo ni pazuri hasa. Mwigizaji akinyoosha mkono na mshumaa ukaenda sentimita 60, luksi zinabaki karibu 3, zaidi ya stopu 3 chini, na uso umekwenda. Ndiyo maana maelekezo ya mkono ni sehemu ya kazi ya taa: kiwiko kikunjwe, mshumaa ukae mbele ya kifua kidogo kando, urefu wa kigasha tu kutoka kidevuni. Anapotaka kumulika kitu mbele yake atanyoosha mkono, uso wake utazama gizani, na mtazamaji atamwona akiukabidhi mwanga wake kwa kile anachokiogopa. Huo ni uigizaji unaotokana na fizikia.

Mfano maarufu wa mishumaa mitupu si filamu ya kutisha. Ni Barry Lyndon (1975), ambako Stanley Kubrick na mpigapicha wake John Alcott walitumia lenzi ya Zeiss ya milimita 50 yenye tundu la f/0.7 kwa filamu ya ISO 100 iliyosukumwa stopu moja maabara, yaani iliyosafishwa kwa namna ya kuongeza usikivu wake mara mbili. Ukikokotoa, ni usikivu uleule wa kamera ya leo yenye ISO 800 na lenzi f/1.4. Tofauti ipo kwenye kina cha ukali, yaani eneo la mbele hadi nyuma linalotoka wazi bila ukungu. Kwa lenzi ya milimita 50, mtu akiwa mita 2, f/1.4 inakupa kama sentimita 11 za ukali, f/0.7 ilikuwa inatoa nusu yake. Hata hizo 11 ni chache. Mwigizaji akiinama kupuliza mshumaa, macho yameshatoka kwenye ukali. Kwa lenzi hizi watu hukaa, huongea taratibu, na hawainami ovyo.

Njia ya pili ni kuongeza moto wenyewe. Freddie Francis, alipopiga The Innocents (1961) kwa filamu nyeusi na nyeupe, alitengenezewa mishumaa yenye tambi kadhaa ndani ya mshumaa mmoja. Tambi tatu hutoa karibu kandela 3, yaani stopu moja na nusu ya bure. Bei yake ni kwamba mshumaa huo huliwa haraka, hutiririsha nta kama kamasi, na hutoa moshi mweusi. Hapo mwendelezo wa shoti unaingia matatani: mshumaa wa sentimita 20 mwanzo wa mazungumzo unakuwa 14 katikati na kurudi 18 mwishoni. Dawa yake ni ya kizamani tu. Kata mishumaa mapema kwa urefu tofauti, ipange, andika ni upi ulitumika kwenye shoti ipi.

Njia ya tatu ni kudanganya, na ndiyo inayotumika zaidi. Mshumaa au fanusi hubaki kama kisingizio, halafu taa iliyofichwa hufanya kazi. Hapa kuna kosa ambalo ukishalijua hutaacha kuliona: mtu amebeba fanusi, na kivuli cha fanusi yenyewe kimelala kifuani mwake au kwenye ukuta wa nyuma. Chanzo cha mwanga hakiwezi kutupa kivuli chake. Likitokea hilo, ujue taa halisi ipo mahali pengine na imepita mbele ya fanusi. Weka balbu ndogo ndani ya fanusi au nyuma yake, upande usiotazama kamera, waya upite kwenye mkono wa shati hadi betri kiunoni. Kama unahitaji taa kubwa ya kusaidia, mwenye taa atembee sambamba na mwigizaji, upande uleule wa fanusi na kwa kimo chake, huku kitambaa cheusi kikizuia mwanga usiiguse fanusi.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: namba ikishuka mwanga huelekea machungwa, ikipanda huelekea samawati. Rangi ya mshumaa ni karibu kelvini 1,900. Ukiiacha kamera kwenye 3,200, ngozi inakuwa kama karoti. Ishushe kamera hadi 2,500 au 2,800, utabaki na joto la moto bila karoti. Balbu ya kusaidia ifunike kwa karatasi ya rangi ya machungwa mpaka ilingane na moto ulio kwenye fremu. Moto wa kweli ukiwa kando ya wa uongo, jicho hugundua papo hapo.

Na kutikisika je? Karibu kila mtu huzidisha. Mshumaa kwenye chumba kisicho na upepo hausiti, husimama wima kama msumari. Ukitikisika, maana yake hewa imeingia, na katika hadithi za majumba ya kale hewa ikiingia kuna mlango uliofunguka. Ukitikisa mwanga tangu mwanzo hadi mwisho wa tukio, umeshaitumia hela yote kabla ya kufika sokoni. Uache utulie. Kisha, pale ambapo mtu anahisi kuna mwingine chumbani, tikisa. Tumia balbu tatu zilizosogeleana, kila moja na dima yake (kifaa cha kupandisha na kushusha mwanga), zicheze kati ya asilimia 60 na 100 bila kufuatana. Zikipanda na kushuka pamoja utapata taa ya gari inayoharibika. Balbu zikiwa tatu na zikiwa mahali tofauti kidogo, vivuli vya ukutani navyo huyumba, na kuyumba huko ndiko kunakosadikisha zaidi kuliko kupanda na kushuka kwa mwanga.

Kivuli kikubwa, tena chenye kucha

Kivuli cha mkono unaopanda ukutani kimekuwa mali ya jamii hii ya filamu tangu Nosferatu ya F. W. Murnau (1922), iliyopigwa na Fritz Arno Wagner, pale kivuli cha mnyonyadamu kinapopanda ngazi bila mwenyewe kuonekana. Wengi hujaribu kukirudia na kupata doa la kijivu. Sababu ni ya kihesabu.

Ukubwa wa kivuli ni umbali wa taa hadi ukutani ukigawanywa kwa umbali wa taa hadi kitu. Weka taa mita 1 kutoka kwa mwigizaji na ukuta mita 3 nyuma yake: taa hadi ukutani ni mita 4, kivuli ni mara 4. Kiganja cha sentimita 20 kinakuwa sentimita 80. Safi. Lakini ukungu wa ukingo wa kivuli nao una hesabu: upana wa chanzo cha mwanga, mara umbali wa kitu hadi ukutani, gawanya kwa umbali wa taa hadi kitu. Taa ya studio yenye lenzi ya sentimita 20 kwa mpangilio huohuo inatoa ukingo wenye ukungu wa sentimita 60. Kidole cha sentimita 2 kilichokuzwa mara 4 ni sentimita 8, kwa hiyo kimemezwa chote. Badilisha taa hiyo kwa balbu tupu yenye nyuzi za sentimita 1, ukungu unashuka hadi sentimita 3, na vidole vinatoka kimoja kimoja mpaka kucha.

Kwa kifupi, kivuli kikubwa na kikali kwa pamoja kinadai chanzo kidogo. Ukiwa na taa ya lenzi tu, ifungue hadi upana wake wa mwisho, kwa sababu kuibana ndiko kunakolainisha kivuli. Bora zaidi, itoe lenzi ya mbele kabisa kama taa yenyewe inaruhusu kutumika hivyo.

Mambo mawili huharibu kivuli hata hesabu ikiwa sawa. La kwanza ni mwanga mwingine kuugusa ukuta huo. Kivuli hakina rangi yake, ni mahali ambapo taa haijafika, na taa ya pili ikifika hapo kimekwisha. Pima: ndani ya kivuli pawe angalau stopu 3 chini ya ukuta ulio kando yake. La pili ni mwendo. Kivuli cha mara 4 hukuza mwendo mara 4 pia. Mwigizaji akisogeza mkono sentimita 10, kivuli kinaruka sentimita 40, na badala ya kiumbe kinachonyemelea unaona mtu anafukuza nzi. Mwigizaji asogee kwa robo ya kasi anayoiona inafaa, huku akitazama ukuta wala si mkono wake.

Mwezi mmoja tu

Mwanga wa kweli wa mwezi mpevu hauzidi sehemu ndogo ya luksi 1, na rangi yake ni karibu kelvini 4,100, yaani umeelekea machungwa zaidi ya jua la mchana. Tunauona wa samawati kwa sababu jicho gizani huhamia kwenye chembe zinazoona samawati na kijani vizuri na nyekundu vibaya. Kwa hiyo mwezi wa filamu unaiga jicho, hauigi mwezi. Wengi husahau nusu ya pili ya jambo hili: gizani jicho halioni samawati tu, linapoteza rangi nyingine, nyekundu ikiwa ya kwanza. Midomo chini ya mwezi inapaswa kuwa mieusi. Jarin Blaschke, alipopiga Nosferatu ya 2024, alitumia kichujio maalumu kinachozuia nyekundu katika matukio ya mwezi, na ngozi zinatoka kama za maiti bila kumwagiwa rangi ya samawati. Kwa maoni yangu ni mwezi mzuri kuliko yote iliyowahi kupigwa kwa rangi.

Kwa vifaa vya kawaida, taa ya mchana ya kelvini 5,600 huku kamera ikiwa 3,200 inatoa samawati ya katuni. Ifunike kwa karatasi ya machungwa ya nusu nguvu, ishuke hadi kama 3,800, kisha punguza ukolezi wa rangi baadaye. Iweke nyuma ya mwigizaji kwa pembe, juu, kali, isiyolainishwa; stopu 2 hadi 3 chini ya mshumaa.

Mwezi una sifa mbili ambazo taa haina: uko mmoja, na uko mbali mno. Madirisha ya upande wa kushoto na wa kulia wa jumba yakiingiza mwezi kwa wakati mmoja, hata asiyejua chochote kuhusu taa atahisi kasoro ingawa hataitaja. Na taa ikiwa mita 10 kutoka kwa mtu wa mbele na mita 20 kutoka kwa kaburi la nyuma, kaburi linapata robo ya mwanga, jambo ambalo mwezi hauwezi kulifanya. Ipeleke taa mita 40 kutoka kwa wa kwanza na 50 kutoka kwa wa pili, tofauti inakuwa kama theluthi mbili za stopu na jicho linakubali. Ndiyo sababu taa ya mwezi hupandishwa kwenye winchi mbali kabisa na seti. Kuwa kubwa ni matokeo tu; umbali ndio unaotafutwa. Ndivyo ilivyo pia kwa miale inayopita dirishani: taa ikiwa karibu, miale hutanuka kama vidole vya feni, ikiwa mbali, hushuka sambamba.

Kupiga usiku mchana kunawezekana bado. Jua liwe nyuma ya mwigizaji, anga isiingie kwenye fremu, picha ishushwe kama stopu 2, rangi ipozwe. Enzi ya Murnau walipiga mchana kweupe kisha kuitia nakala ya filamu rangi ya samawati ili mtazamaji ajue ni usiku. Nakala nyingi zilizosambaa baadaye hazikuwa na rangi hiyo, na ndiyo maana watu wengi wamemwona mnyonyadamu yule akitembea na jeneza lake kwapani kwenye jua la adhuhuri, ilhali jua ndilo linalomuua.

Moshi

Moshi hauonekani kwa sababu upo, unaonekana kwa sababu umemulikwa kutoka nyuma. Taa ikitoka upande wa kamera, moshi uleule unakuwa maziwa yaliyomwagika juu ya picha: weusi unapanda, sura zinapauka. Taa ikitoka nyuma au nyuma kwa pembe, moshi unakuwa miale na tabaka.

Zima feni na viyoyozi, funga milango, washa mashine, kisha usubiri mawingu yatawanyike mpaka moshi uwe sawa chumba kizima. Wenye haraka hupiga wakati moshi bado una mabonge, na mabonge hayo hayatalingana na shoti inayofuata. Piga picha mnato ya kiwango ulichokikubali na uilinganishe kabla ya kila rudio.

Kuna mtego ambao hauandikwi sana. Unene wa moshi kwenye picha hutegemea umbali kati ya kamera na mwigizaji. Shoti pana ya milimita 24 ukiwa mita 2 hupita kwenye moshi wa mita 2. Ukirudi nyuma hadi mita 8 na lenzi ndefu (inayovuta vitu vya mbali) kupiga picha ya uso wa mtu huyohuyo, unapita kwenye moshi mara nne zaidi, na uso unatoka umefifia kama wa ndotoni. Kwa shoti za lenzi ndefu, toa moshi kwanza. Kwa zile pana, uongeze.

Ukungu unaotambaa chini makaburini hutoka kwenye barafu kavu, ambayo ni kabonidioksaidi iliyoganda kwenye nyuzi −78, inayotumbukizwa katika maji ya moto. Ni mzuri kuliko wa mashine yoyote na ni hatari kuliko yote, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hukusanyika pale pale inapopendeza: sakafuni, shimoni, ndani ya jeneza. Mwigizaji aliyelala kaburini chini ya ukungu huo amelala ndani ya hewa isiyopumulika. Shoti ya mtu aliyelala itumie moshi wa mashine uliopozwa, hata kama hautambai vizuri. Na barafu yenyewe isishikwe bila glavu nene.

Uso, jicho

Taa ya kutoka chini ya kidevu imechakaa kama koti la mgeni, lakini sababu ya kufanya kazi kwake ni ya kweli. Tumezoea maisha yote kuona nyuso zikimulikwa kutoka juu, na vivuli vikigeuka tunaacha kuzisoma hisia kwa uhakika. Ukiitaka bila kuchekesha, ipe chanzo: moto wa kuni, fanusi iliyowekwa sakafuni. Tena iwe hafifu, stopu 1 chini ya kiwango, na isije katikati ya uso bali kwa pembe.

Macho ni habari nyingine. Uso unaweza kupotea wote na tukio likasimama, mradi jicho lina nukta ya mwanga. Likikosa nukta, mtu anaonekana amekufa, na hilo nalo ni chombo: wape nukta walio hai, wanyime wasio hai. Karl Freund alifanya kinyume katika Dracula ya 1931. Alielekeza taa mbili zenye mwale mwembamba kwenye macho ya Bela Lugosi, aliyeigiza Dracula, uso wa pembeni ukabaki kwenye kivuli, na macho yakawa kama hayana uhusiano na mtu mwenyewe. Kulirudia hilo unahitaji kadi nyeusi yenye matundu mawili mbele ya taa ndogo, na mwigizaji asiyetikisa kichwa. Akisogea sentimita 2, mwanga uko kwenye nyusi.

Hila ninayoihusudu zaidi ni ya Karl Struss katika Dr. Jekyll and Mr. Hyde (1931), na inawezekana kwa nyeusi na nyeupe pekee. Uso hupakwa vipodozi vyekundu. Kichujio chekundu kikiwa mbele ya lenzi, nyekundu na ngozi hutoka weupe uleule, kwa hiyo vipodozi havionekani. Kichujio kikibadilishwa taratibu kuwa cha rangi iliyo kinyume yake, vipodozi vinageuka vyeusi, na mtu anaharibika mbele yako bila shoti kukatwa. Hata leo unaweza kuijaribu ukutani kwa taa mbili za rangi na kalamu nyekundu.

Lenzi na mlango ulio wazi

Kwenye korido, lenzi pana (ya milimita chache) hurefusha na ndefu hufupisha. Milimita 18 hadi 24 zinafanya mlango wa mwisho uonekane haufikiki. Robert Wise alipotengeneza The Haunting (1963) aling'ang'ania lenzi ya kampuni ya Panavision ya milimita 30 ambayo ilikuwa bado haijakamilika na ilipinda picha; alipewa kwa sharti la kukiri kwa maandishi kwamba anajua ina kasoro. Kasoro hiyo ndiyo iliyokuwa inatafutwa. Nyumba yenyewe kwa nje ilipigwa kwa filamu ya infraredi, inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, na mawe yakatoka na uhai usio wa kawaida.

Skrini pana huleta shida ya kando: kuna nafasi nyingi mno za kutazama. Kwenye The Innocents, Freddie Francis alipewa CinemaScope, mfumo wa skrini pana, na studio wala hakuichagua, akaitatua kwa kupaka rangi kingo za vichujio ili pande za fremu zizame gizani. Lakini ufahamu pia kwamba alitaka mbele na nyuma viwe vikali kwa pamoja, na hilo linagharimu. Kutoka f/2 hadi f/8 ni stopu 4, mwanga mara 16. Zile luksi 60 zinakuwa karibu 1,000. Tukio linaloonekana gizani kwenye skrini lilipigwa ndani ya chumba chenye mwanga wa kusomea gazeti, na taa kali. Ni kinyume cha njia ya Barry Lyndon, na naona inaifaa Gothiki zaidi, kwa sababu mzimu ulio mbali ukiwa na ukungu wa lenzi hauogopeshi. Unaogopesha ukiwa mkali, mdogo, na umesimama tu.

Kuhusu rangi sina mengi. Jack Asher, kwenye Dracula ya 1958 ya kampuni ya Hammer, aliweka madoa ya rangi mahali ambapo hakuna taa yoyote inayoweza kuyaeleza, na inakubalika kwa sababu sehemu nyingine ya picha imetulia. Wanaomwiga humwaga zambarau kila kona.

Weusi unaomfikia mtazamaji

Picha hurekebishwa kwenye chumba cheusi, kwa skrini ya bei kubwa, kisha hutazamwa kwenye simu karibu na dirisha. Hapo ndipo kazi nzuri nyingi hufa. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 za mwanga. Sehemu ya kumi ya chini, ambako ukuta wako wote wa korido unaishi, ina kama 25. Mwanga unaofifia taratibu ukutani unakatika vipande vyenye mistari kama ramani ya milima. Piga na urekebishe kwa biti 10, ambako sehemu hiyohiyo ina ngazi kama 100, na kabla ya kutoa nakala ya mwisho tia chembechembe laini za filamu ili zivunje mistari.

Kisha itazame shoti ile ya korido kwenye simu, taa za chumba zikiwa zimewashwa. Mlango wa mwisho ukiwa umepotea, usiipandishe picha nzima. Utaharibu giza lote ulilolijenga. Nenda kwenye kitasa cha shaba peke yake, kipandishe nusu stopu, itazame tena, hadi jicho lijue mlango uko wapi na bado lisijue kama umefungwa.